Bei ya Ritifaa: Uhakiki wa Pendekezo la 393 la Lugha ya Python

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili wakiambiwa wahakiki andiko, huchukua riwaya, tamthilia au diwani. Mimi nimechukua waraka wa kiufundi usio na mhusika hata mmoja. Ni Pendekezo la 393 la kuboresha lugha ya programu iitwayo Python, lililoandikwa na Martin von Löwis mwaka 2010 na kuanza kutumika katika toleo la 3.3 la mwaka 2012. Waraka huo unaeleza jinsi maneno yanavyopangwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Naona unastahili kuhakikiwa na watu wa lugha, kwa sababu kila neno la Kiswahili linalopita kwenye toleo la kawaida la Python hupangwa kwa kanuni zake.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Mpango wa Löwis umekiwekea Kiswahili bei ya chini kabisa ya kumbukumbu, karibu katika kila herufi. Sauti moja tu imebaki nje ya bei hiyo, nayo ni ng'. Nitaonyesha kwa nini jambo hilo dogo lilikaribia kuiharibu kazi yangu, na ni kiasi gani cha lawama kinachomstahili mwandishi wa waraka.

Nilikutana na waraka huu kwa sababu ya shida. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Gisenyi, wilaya ya Rubavu, nikitayarisha tasnifu yangu kuhusu matumizi ya ng' katika Kiswahili cha mpakani. Anayeujua mji huu ataelewa kwa nini nilichagua mada hiyo. Ukitoka soko la Mbugangari kuelekea Petite Barrière, mahali ambapo maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku kwenda Goma na kurudi, unasikia Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa vikipishana ndani ya sentensi moja. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini wauza nyanya na sambaza wa hapa hawakuisubiri sheria.

Nilikusanya maandishi kutoka vyanzo huru vya mtandaoni, nikaongeza insha, barua na matangazo yaliyochapwa katika vibanda vya kuchapia vya mjini. Yote pamoja yalifika alama zipatazo milioni 60. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ina kumbukumbu ya gigabaiti 2. Nilipiga hesabu ya kienyeji: herufi moja ni baiti moja, kwa hiyo nahitaji megabaiti 60 tu. Niliiamuru Python isome faili zima kwa mkupuo, igeuze herufi kubwa kuwa ndogo, kisha ihesabu maneno. Kompyuta iliganda. Nikaizima na kuiwasha, ikaganda tena. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya kuwasilisha rasimu.

Tuanze na maudhui ya waraka. Python huendeshwa na mkalimani, yaani programu inayosoma maagizo yetu na kuyatekeleza. Kila kipande cha maandishi tunachompa, kiwe neno, mstari au kitabu kizima, yeye hukihifadhi kama kitu kimoja, ambacho hapa nitakiita mfuatano. Kabla ya mwaka 2012 mkalimani wa Python 3 alijengwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ilitoa baiti 2 kwa kila alama. Hiyo haikuweza kuzitambua vizuri alama za Yunikodi zenye namba za juu, na emoji moja ilihesabiwa kuwa alama mbili. Namna ya pili ilitoa baiti 4 kwa kila alama. Hiyo ilizitambua alama zote, lakini hata herufi a ilimeza baiti 4. Löwis anaanza waraka wake kwa malalamiko hayo mawili: upande mmoja watu hawapati alama zao, upande mwingine kumbukumbu inaliwa bure.

Suluhisho lake ni kwamba kila mfuatano upimwe peke yake unapoundwa. Mkalimani hutafuta alama yenye namba kubwa kuliko zote ndani yake. Ikiwa alama zote zimo katika namba 256 za kwanza za Yunikodi, kila alama hupewa baiti 1. Ikiwa kubwa kuliko zote imo katika namba 65,536 za kwanza, kila alama hupewa baiti 2. Ikizidi hapo, kila alama hupewa baiti 4. Neno la kuzingatia ni hilo "kila". Upana ukishachaguliwa, alama zote za mfuatano huo huupokea, zinazouhitaji na zisizouhitaji.

Msomaji afikirie kreti za chupa. Mashimo ya kreti yana upana mmoja, na kwa sababu hiyo unaweza kuhesabu chupa za lori zima bila kuzigusa. Lakini ukitaka kutia chupa moja nene katika kreti ya chupa nyembamba, huwezi kupanua shimo moja tu. Unabadilisha kreti nzima. Python imekubali gharama hiyo kwa makusudi. Mtu akiitaka alama ya milioni moja katika kitabu, mkalimani huzidisha namba hiyo kwa upana na kwenda moja kwa moja mahali pake, bila kuanza kuhesabu kutoka ukurasa wa kwanza.

Mbele ya herufi zenyewe hukaa kichwa cha mfuatano. Ndani yake mna idadi ya sehemu zinazoutumia, aina ya kitu, urefu wake, namba ya kuutafutia haraka, na hali yake, pamoja na upana uliochaguliwa. Katika toleo la 3.12 la mwaka 2023, kwenye kompyuta ya biti 64, kichwa hicho ni baiti 40 kwa mfuatano wenye alama za ASCII pekee, yaani zile 128 za kwanza. Baada ya herufi huwekwa sifuri ya kufungia. Kwa hiyo neno "mtu" huchukua baiti 40, kisha 3, kisha 1, jumla 44. Mfuatano wenye alama nje ya ASCII huongezewa baiti 16 kichwani, kwa ajili ya kukumbuka nakala yake ya UTF-8 ikihitajika. ASCII haihitaji nyongeza hiyo, kwa kuwa maandishi yake tayari ni UTF-8.

Sasa tuupime ubora wa kazi. Jambo la kwanza la kusifu ni kwamba mpango huu umefanikiwa katika lengo lake. Maelezo rasmi ya toleo la 3.3 yalieleza kuwa katika jaribio la programu ya Django, matumizi ya kumbukumbu yalipungua mara mbili hadi tatu yakilinganishwa na toleo la 3.2. Kwa Kiswahili faida ni kubwa zaidi upande wa herufi, kwani lugha yetu haina alama juu wala chini ya herufi. Kitabu cha Kiswahili chenye herufi milioni moja kilichokuwa kikichukua megabaiti 4 sasa huchukua 1.

Lakini mhakiki anapaswa kuuliza unafuu huo umetoka wapi. Haukutokana na uzuri wa Kiswahili. Umetokana na historia ya tahajia. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 uliandikwa hivyo. Hati ya Kilatini ililetwa na wamisionari na watawala, na tahajia yake ikasanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Utendi uleule, beti zilezile, ukiuingiza Python kwa hati ya Kiarabu unachukua baiti 2 kwa kila alama. Ukiuingiza kwa hati ya Kilatini unachukua 1. Jirani yetu Kifaransa nacho kina kisa chake. Herufi é na è zimo katika zile 256 za kwanza, lakini œ haimo. Kwa hiyo "frère" linakaa katika baiti moja kwa herufi, na "sœur" linahitaji mbili. Kaka ana bei yake na dada ana bei yake, kwa sababu tu ya orodha iliyopangwa zamani.

Kasoro ya kwanza ni ukubwa wa kichwa. Maneno ya lugha ni mafupi. "Na" lina herufi 2 na huchukua baiti 43. Nilipokata maandishi yangu kuwa maneno, kila "na" ilikuwa kitu kipya chenye kichwa chake, maelfu kwa maelfu, ingawa zote zinafanana. Ni kama kusafirisha punje za maharage, kila moja katika gunia lake. Hata hivyo, kasoro hii si ya Löwis peke yake. Vichwa vilikuwepo kabla yake, na kilichobaki cha mpango wa zamani ndani ya kichwa kiliachwa ili programu zilizotangulia zisivunjike. Toleo la 3.12 lilikiondoa, na "na" ikapungua kutoka baiti 51 hadi 43.

Kasoro ya pili ndiyo iliyoigandisha kompyuta yangu. Nilipochoka kukisia, nilifanya alichofanya mkalimani mwenyewe: nilitafuta alama yenye namba kubwa kuliko zote katika faili langu. Jibu lilikuwa uso mdogo unaocheka, emoji aliyoiweka mtu mwishoni mwa salamu. Alama milioni 60 zote zilikuwa zimevaa baiti 4 kwa sababu yake, jumla megabaiti 240. Kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo kulitaka nakala nyingine ya ukubwa huohuo, na nafasi ya ziada wakati wa kuitengeneza. Nilicheka, kisha nikaufuta ule uso nikidhani nimemaliza. Nilitarajia megabaiti 60. Nikapata 120.

Alama iliyobaki ilikuwa ritifaa. Katika maandishi ya vibandani haikuwa ritifaa iliyonyooka, ile iliyoko kwenye kibodi na ndani ya ASCII. Ilikuwa ritifaa iliyopinda, ambayo namba yake katika Yunikodi ni zaidi ya 8,000. Nilikwenda kwenye kibanda kimoja kumuuliza dada anayechapa.

"Dada, hii ritifaa mbona umeipinda?"

"Kaka yangu, mimi nabonyeza tu. Ni mashine ndiyo inaipinda."

Alisema kweli. Programu nyingi za kuchapia huipinda zenyewe. Neno "ng'ombe" lenye ritifaa iliyonyooka lina baiti 48. Likiwa na iliyopinda lina 72. Baya zaidi, kwa Python hayo ni maneno mawili tofauti. Mkalimani huweka kila mfuatano katika upana mdogo kabisa unaoutosha. Kwa hiyo akikuta mifuatano miwili yenye upana tofauti, anajua haiwezi kuwa sawa na hana haja ya kutazama hata herufi ya kwanza. Jedwali langu lilikuwa na mazizi mawili ya ng'ombe, na mimi nilikuwa nataka kuandika tasnifu juu ya mara ngapi neno hilo linatumika.

Kasoro ya tatu ndiyo kiini cha uhakiki huu. Niligeuza ritifaa zote kuwa zilizonyooka. Kumbukumbu ikashuka hadi megabaiti 60 kama nilivyotaka. Kisha nikatazama orodha ya maneno. Niliona "ombe" ambalo si neno, "ambo" lisilo na ng' yake, na "oa" kwa wingi wa kushangaza. Mtu aliyeambiwa "ng'oa muhogo" alikuwa amehesabiwa katika jedwali langu kuwa ameambiwa aoe. Chombo cha kawaida cha kutafutia maneno katika Python huiona ritifaa kuwa alama ya uandishi, kama koma, na hukata neno mahali hapo.

Kwa Kinyarwanda kukata huko kuna mantiki. Katika "n'abana" ritifaa inaonyesha kwamba irabu ya "na" imedondoka mbele ya neno jingine. Ni mpaka wa maneno mawili. Kifaransa ni vivyo hivyo katika "l'eau". Katika Kiswahili kazi yake ni kinyume. Ng' ni konsonanti moja, na ritifaa ni sehemu ya herufi hiyo. Katika mtaa mmoja wa Gisenyi, kwenye tangazo moja ukutani, kialama kilekile kinatenganisha maneno katika mstari wa Kinyarwanda na kinaunganisha sauti katika mstari wa Kiswahili.

Yunikodi inaijua tofauti hiyo. Ina alama ya tatu, ritifaa ya kiherufi, ambayo imeandikishwa kuwa herufi na si alama ya uandishi. Ukiandika ng' kwa alama hiyo, Python haikati neno. "Ng'oa" linabaki "ng'oa". Lakini namba yake ni 700, nje ya zile 256. Hapo ndipo bei inapoonekana. Ritifaa iliyonyooka ni ya bei nafuu, lakini inavunja konsonanti yetu vipande viwili. Ritifaa inayoitambua konsonanti hiyo kuwa herufi huongeza upana wa mfuatano mzima mara mbili. Kati ya sauti zote za Kiswahili sanifu, ni hii moja tu inayolazimika kuchagua kati ya usahihi na unafuu.

Je, mwandishi wa waraka anastahili lawama? Kwa upande wa fani, waraka wake umeandikwa kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Unataja tatizo, unatoa suluhisho, unaonyesha umbo la kitu kilichopangwa na unakiri matatizo ya programu za zamani. Hauna neno la kujisifu. Lakini katika maelezo ya sababu zake, watumiaji wanatofautishwa kwa mifumo ya kompyuta wanayotumia, si kwa lugha wanazoandika. Mpango unafanya kazi vizuri sana ikiwa kila andiko ni la hati moja. Andiko la mpakani, ambalo lina Kiswahili, nukuu ya Kifaransa, jina la Kinyarwanda na uso unaocheka, hulipa bei ya alama yake ghali kuliko zote.

Mtu anaweza kuuliza kama kulikuwa na njia nyingine. Ilikuwepo. Katika UTF-8 kila alama hujilipia yenyewe: herufi ya kawaida baiti 1, ritifaa ya kiherufi 2, ritifaa iliyopinda 3, emoji 4. Chukua andiko la alama milioni moja ambamo ritifaa zilizopinda ni 30,000. Kwa mpango wa Löwis linachukua baiti milioni 2. Kwa UTF-8 linachukua milioni moja na 60,000. PyPy, mkalimani mwingine wa Python, ulihamia njia hiyo mwaka 2019. Lakini hasara yake ni ileile ambayo Löwis aliikwepa: huwezi kuifikia alama ya milioni moja kwa kuzidisha tu. Ni lazima uhesabu, au uweke alama za njiani za kukuongoza. Java nayo, katika toleo la 9 la mwaka 2017, ilichagua njia inayofanana na ya Löwis, yenye upana wa namna mbili. Kwa hiyo siwezi kusema alikosea. Alichagua kasi ya kufikia alama yoyote, na akawatoza wenye maandishi mchanganyiko.

Ninachomlaumu zaidi ni mimi mwenyewe. Kanuni inasema upana unaamuliwa kwa kila mfuatano, nami niliufanya mzigo wote wa alama milioni 60 kuwa mfuatano mmoja. Nilipobadilisha programu isome mstari baada ya mstari, kila mstari ulijilipia bei yake. Mstari wenye emoji ulivaa baiti 4 peke yake, nao mstari usio na ng' ukabaki na baiti 1. Nikaigeuza ritifaa inayofuata ng katika mistari ya Kiswahili kuwa ya kiherufi, nikaziacha za Kinyarwanda kama zilivyo, na nikakubali kulipa baiti 2 pale tu ng' ilipotokea. Maneno niliyahesabu katika kamusi ya programu, neno moja likiwekwa mara moja na hesabu yake pembeni, badala ya kulundika kila "na" upya. Kompyuta ya mtumba haikuganda tena. Rasimu niliiwasilisha siku ya saba.

Hukumu yangu basi ni hii. Pendekezo la 393 ni kazi nzuri ya uhandisi, na Kiswahili kimenufaika nayo kuliko lugha nyingi. Udhaifu wake ni kwamba hautaji bei ambayo mwandishi wa lugha mchanganyiko anailipa, na anayeilipa haoni risiti. Lakini swali la ritifaa ipi ndiyo ritifaa ya ng' halikuwa la Löwis kulijibu. Ni swali la tahajia, na tahajia ni kazi yetu sisi tunaosoma Kiswahili. Tukiliacha, litajibiwa na programu ya kuchapia inayopinda alama bila kuulizwa, na wanafunzi watakaokuja baada yetu watafanya utafiti juu ya ng'ombe waliogawanyika mazizi mawili. Mimi katika tasnifu yangu nimeandika ukurasa mmoja wa kueleza alama niliyotumia na sababu yake. Ningependa kila mwanafunzi anayekusanya matini ya Kiswahili kwa kompyuta aandike ukurasa kama huo kabla ya kuanza kuhesabu.